Mbeleko haikuwa kwenye fomu

Jumatano. Leo kumekuwa na lile jua la kuudhi, linalotoka saa mbili asubuhi na ukishaanika nguo tu linajificha. Nimerudi nyumbani, mtaa wa Olympic, na matope hadi kwenye soksi. Chai imepoa mara mbili nikiikodolea macho.

Niseme mapema ili nisizunguke: nimekasirika, na mtu ninayemkasirikia kuliko wote ni mimi mwenyewe.

Kwa usiyenijua, kazi yangu ni tiba ya viungo. Watu waliopata kiharusi na watoto wenye mtindio wa ubongo huja kwenye chumba chetu hapa Kibera, chumba chenye mikeka sita na feni moja iliyokufa, nasi tunawanyoosha, tunawakunja, tunawafundisha upya kukaa na kushika. Kina mama huniita daktari. Nimewaambia mara mia kwamba mimi si daktari, wakaniongezea cheo, sasa mimi ni Daktari wa Kunyoosha. Nimenyamaza.

Zamani tulipima kwa macho na kwa kipimapembe cha plastiki. Wiki jana mkono ulikunjuka hadi hapa, leo umefika pale, andika. Kisha mwaka huu mradi ukaletewa vidude. Ni kama saa ya mkononi, ila haina uso wala mishale, ina kitaa kidogo cha kijani kinachowaka na kuzima. Unamfunga mgonjwa kwenye kifundo cha mkono, anakaa nacho wiki nzima, halafu unakichomeka kwenye kompyuta nayo inakuchorea mstari. Mstari ukipanda, mkono umefanya kazi. Mstari ukilala, mkono umelala. Wenyewe wanasema ni rahisi.

Nilivipenda vile vidude, nakiri. Baada ya miaka ya kuandika "anaendelea vizuri" na kuulizwa "vizuri kiasi gani?", hatimaye nilikuwa na kitu cha kuonyesha watu.

Sasa kuna mtoto anaitwa Nekesa. Ana miaka sita. Hawezi kukaa bila kushikiliwa, mkono wake wa kulia umejifunga ngumi tangu tumjue, na wa kushoto hufunguka unapotaka wenyewe. Hasemi, lakini anacheka, na akicheka chumba kizima huacha kufanya walichokuwa wakifanya. Mama yake anaishi naye Kabiro, kule Kawangware, na kazi yake ni kuwafulia watu nguo kwenye maghorofa ya karibu. Kila Alhamisi humleta Nekesa kwetu.

Nilimfunga Nekesa kidude kwenye ule mkono wa kushoto, wiki mbili mfululizo. Mstari ulipotoka, karibu nipige kigelegele peke yangu ofisini. Ulikuwa unapanda na kushuka kutwa nzima, na Alhamisi ulipanda kuliko siku zote.

Jana, Jumanne, tulikuwa na mkutano. Nilisimama mbele ya watu na ule mchoro ukutani, na rula mkononi kama mwalimu wa zamu. Nikasema, tazameni Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku anayokuja kwetu. Nikasema, mnaona tiba inavyouamsha mkono? Nikaonyesha na zile sehemu ambapo mstari unakaribia kulala, mara moja karibu kila asubuhi, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Hapa anapumzika."

Walipiga makofi. Mtu mmoja alinisukumia sahani ya mandazi.

Kisha ikaja ajenda ya viti. Tumepata viti maalumu vitano, vile vya mbao vyenye godoro na mikanda, vinavyomshika mtoto mgongo na kiuno hadi akae wima na kuitazama dunia kama wengine. Watoto kwenye orodha ni kumi na wanne. Wanaotoa viti wamesema vianze kwa watoto wanaosogea kidogo kuliko wote, na vidude ndivyo vitakavyosema ni nani. Nekesa alikuwa wa tatu kwenye orodha. Kwa mstari wangu mzuri, akashuka hadi wa kumi na mbili. Viti vinagawiwa keshokutwa, Ijumaa.

Na mimi nilikubali. Niliona uchungu kidogo, nikajiambia si vibaya, mtoto akinyimwa kiti kwa sababu amepata nafuu, hiyo ni habari njema. Nilitoka mkutanoni nikipanga namna ya kumpongeza mama yake.

Nilipanga kumwambia hongera!

Leo asubuhi nikaenda Kabiro kuchukua kidude, ambacho nilikuwa nimemfunga tena kwa wiki ya tatu, na kupeleka hiyo hongera yangu. Nilimkuta Mama Nekesa kwenye lango la ploti wanamopanga, anatoka kwenda kazini. Alikuwa ameinama, Nekesa amelala mgongoni kwake, na leso inazungushwa kwa ule ustadi wa mtu aliyefanya jambo hilo maelfu ya mara. Akaikaza, akafunga fundo kifuani, akasimama. Mkono wa kushoto wa Nekesa ukaning'inia juu ya bega la mama yake. Na ndani ya karatasi ya mkate ya plastiki iliyofungwa kwa raba, kile kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzima.

Mama Nekesa akapiga hatua tatu kuja kunisalimia. Ule mkono ukapiga hatua tatu pamoja naye.

Sijui niliweka uso gani, kwa maana aliingiwa na wasiwasi.

"Daktari, kwani kuna shida? Hiyo kitu iko sawa kabisa. Sijaitoa hata siku moja. Nimeifunga na karatasi ya mkate ndio isiingie maji."

Nikamuuliza Nekesa hukaa mgongoni muda gani kwa siku. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anapumua mara ngapi.

"Si siku yote? Kwani nitamwacha na nani?"

Aliwahi kumwacha na jirani, mara moja, akarudi akamkuta amelowa na sauti imemkauka kwa kulia. Tangu siku hiyo wanaenda wote. Kazini, sokoni, kanisani. Na Alhamisi, wakitoka Kabiro hadi kwetu Kibera, wanakuja kwa miguu. Miguu ya mama. Huko ndiko mstari wangu ulikopanda mlima, na mimi nikasimama mbele ya watu wazima nikasema ni tiba.

Hapa ndipo ninapotaka kujizaba kofi. Mwezi jana mzee mmoja mwenye kiharusi alirudisha kidude, mstari wake ukasema mkono uliopooza hautulii hata dakika. Kumbe alikuwa anabebwa na boda boda ya mwanawe kwenda kliniki na kurudi. Tulicheka hadi machozi. Tukazifuta zile siku kwenye kompyuta, kwa sababu kila mtu anajua pikipiki hutikisa. Lakini mgongo wa mwanamke? Huo hatukuuona kama kitu kinachotembea. Ninamwona Mama Nekesa kila Alhamisi akifungua leso mlangoni pangu. Ninampokea mtoto kutoka mgongoni kwa mikono yangu hii. Mimi mwenyewe nimekua mgongoni kwa mama yangu na kwa dada zangu wawili, naijua mbeleko kuliko ninavyoijua kompyuta. Na bado.

Fomu iliyokuja na vidude ina kurasa kumi na nne. Inauliza kama mtoto huendesha baiskeli. Inauliza kama hupanda ngazi za nyumbani kwao akiwa ameshika ukuta. Ngazi gani? Nyumba ya Mama Nekesa ni chumba kimoja na pazia. Hakuna mahali inapouliza nani alikuwa amembeba. Aliyeiandika hajui, sawa, yuko mbali. Niliyeijaza ninajua, na nilikuwa na kalamu.

Ilibidi nimweleze habari ya viti. Nilieleza vibaya, nikijikwaa, nikirudi nyuma. Alisikiliza huku akimpigapiga Nekesa matakoni kwa ile namna ya kumtuliza mtoto aliye mgongoni. Nilipomaliza akalikaza fundo la leso.

"Kwa hivyo ningemfungia tu kwa nyumba alale, angepata kiti?"

Nikaanza kusema mambo ya utaratibu na vigezo.

"Si unijibu tu, Daktari."

Ndiyo, nikamwambia. Angepata.

Alicheka kwa pua. Ningependa angenitukana, ingenifaa zaidi. Akasema twende basi, nachelewa, wenye nguo hawangoji.

Kwenye mkoba nilikuwa na kidude kingine, cha mtoto ambaye sikumkuta kwao. Sikufikiri sana. Nikamwomba Mama Nekesa ruhusa, nikakifunga kwenye ukanda wa sketi yake, nikapiga simu kazini kusema nimekwama Kawangware. Nikaenda nao.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo nimetembea nyuma ya usufi huo wa kilo kumi na saba. Nimeona alivyoinama juu ya mabeseni matatu, mtoto mgongoni, akisugua kola za mashati ya watu. Mimi ndiye ninayefundisha watu jinsi ya kuinama bila kuumiza kiuno, nina hata picha ukutani. Nikajitolea nimshike Nekesa walau kidogo. Akanitania, "Wewe angalia mashine yako, isije ikadanganya tena." Nilistahili.

Ilipofika kama saa nne na nusu, nguo za kwanza zikawa tayari kuanikwa. Mama Nekesa akafungua leso. Nikadhani atamlaza mtoto sakafuni. Badala yake akavuta beseni kubwa kavu, akasokota duveti la mteja likawa kama ngata, akalizungusha ndani, akamkalisha Nekesa katikati na kujaziliza blanketi pande zote, nyuma ya kiuno, chini ya kwapa, mpaka mtoto akakaa wima ndani ya beseni, kifua na kichwa juu, macho mbele.

Alikuwa ametengeneza kiti.

Kisha akampakatisha ndoo ndogo ya vibanio vya nguo. Akachukua shati, akaenda kwenye kamba, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Leta moja."

Na Nekesa akaleta. Sitaki kuandika kana kwamba ilikuwa rahisi. Mkono wa kushoto ulienda ukapotea, ukagonga ukingo wa ndoo, ukarudi, vidole vikagoma, ulimi ukatoka nje kwa bidii, mate yakamwagika. Mimi nilitaka kwenda kumsaidia, na mama yake wala hakugeuka, mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa nyuma ukingoja. Kibanio kikafika. Kilianguka mara mbili kabla, lakini kikafika. Nekesa akacheka kile kicheko chake. Mama akabana shati. "Leta ingine."

Nilihesabu vibanio tisa. Mwaka mzima kwenye mkeka wangu, na midoli yangu ya rangi, hajawahi kunipa hata kitu kimoja.

Nikamuuliza mama yake kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Hukuniuliza. Uliuliza kama anaendesha baiskeli."

Sasa nifanye nini na jibu kama hilo? Nimelibeba mpaka ofisini.

Nilichomeka vidude vyote viwili kwenye kompyuta, nikaweka mstari wa mama na wa mtoto pamoja. Asubuhi yote ililaliana, huwezi kupitisha hata uzi katikati. Mama akipiga hatua, mtoto anapiga. Mama akiinama juu ya beseni, mtoto anainama. Halafu saa nne na nusu ikaachana. Wa mama ukaendelea na safari zake za kamba. Wa Nekesa ukashuka, ukawa mdogo, vinundu vifupi vilivyoachana achana, ambavyo kama hujui unachotafuta unaona ni mtoto aliyetulia.

Nikafungua ile michoro ya wiki mbili. Vilikuwepo. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, vinundu vile vile, saa ile ile. Sehemu niliyoigonga kwa rula jana.

Hapa anapumzika.

Muda pekee ambao mtoto yule alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake mwenyewe, nimewaambia watu anapumzika. Na muda mama yake alipokuwa akifanya kazi ya watu wawili, nimewaambia ni mtoto.

Nilimpelekea Madam Rose, msimamizi wa mradi. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliitazama ile mistari miwili muda mrefu, akavua miwani.

"Achieng, wewe ndiye uli-present jana."

Najua, nikamwambia.

"Na hawa wengine? Si wote wanabebwa?"

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Si Nekesa peke yake. Kila mtoto ambaye mstari wake umepanda, huenda ni mgongo wa mtu. Na walioko juu ya orodha, wale watano, labda ni kweli hawasogei, labda hawana wa kuwabeba. Siwezi kumwendea mama mwingine nikamwambia sahau kiti, nilikosea hesabu. Madam Rose akaniuliza nani ashushwe ili Nekesa apande. Nilimwambia tu kwamba asiyekuwepo na lake halipo, na jana kwenye mkutano wetu hapakuwa na mama hata mmoja.

Akasema niandike barua. Niseme kosa lilikuwaje, niambatishe michoro yote, nitie jina langu mwenyewe. Ataituma. Hajui kama itasomwa kabla ya Ijumaa. Akaongeza, polepole, kwamba wanaotoa viti wanaweza pia kusema basi, kama vipimo vyenu ni vya hivi, tutapeleka viti kwingine.

Kwa hiyo barua yangu inaweza kumpa Nekesa kiti, au inaweza kuwanyima watano walioahidiwa.

Nimeiandika. Nimeifuta. Nimeiandika tena. Mara ya kwanza nilijaza maneno makubwa, nikaona ninajificha nyuma yake. Ya pili inasema hivi: mtoto huyu hasogei kama nilivyosema. Anayesogea ni mama yake. Mtoto anafanya jambo moja kubwa, kila siku, ndani ya beseni la kufulia, na amelifanya kwa sababu kuna mtu aliyemkalisha wima. Mpeni kiti alifanye siku nzima. Na watoto wote tuwapime upya, fomu ikiwa na swali moja zaidi, na msimnyang'anye mtoto yeyote kwa kosa langu.

Nimeituma kwa Madam Rose dakika chache zilizopita. Amejibu neno moja, "Imefika." Huenda Ijumaa ikapita hivi hivi, viti vikaenda vinakoenda, na mimi nikabaki na barua nzuri. Mama Nekesa hawezi kukalisha mtoto juu ya barua.

Kitu kimoja hakihitaji ruhusa ya mtu. Kesho ni Alhamisi. Mama Nekesa atatoka Kabiro asubuhi na mapema kuja kwetu kwa miguu, kama kila wiki. Nimempigia simu nikamwambia asitoke kabla sijafika, na anisubirie na leso. Alicheka, safari hii kwa mdomo wote, akaniuliza kama mgongo wangu wa ofisi utaweza.

Sijui kama utaweza. Nitajua tukishafika nusu ya njia. Kidude kitakuwa kimerudi mkononi kwa Nekesa, kinawaka na kuzima, na mstari utapanda kama kawaida ya Alhamisi. Tukifika, kabla sijamshusha, nitachukua ile fomu, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza, mahali pasipo na swali, nitaandika jina la aliyembeba.